Kilio na Maelezo: Namna Tunavyoandika Ajali za Maji

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthiliya na ushairi. Taarifa ya ajali tunawaachia watu wa magazeti. Makala haya yanadai kwamba taarifa hiyo nayo ni utanzu, ina fani na maudhui yake, na ina msomaji anayedai haki yake.

Msomaji huyo ni nani? Ni yule atakayerudi majini kesho. Huku kwetu Hanang, mvuvi wa Ziwa Basotu anapiga kasia kwenye maji yenye viboko. Ukimsomea kwamba watu kadhaa wamekufa maji, Mungu awarehemu, ataitikia amina. Kisha atakuuliza: upepo ulitokea wapi? Mtumbwi ulibeba wangapi? Ulipopinduka walishika nini? Wapiga makasia wa Marekani nao wanadai hayo hayo. Chama chao cha American Whitewater hukusanya ripoti za ajali za mitoni ili anayefuata ajue.

Tazama historia yetu. MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, taifa zima lililia. Lakini ndani ya kilio kile kuna jambo: tumbo la meli lilitobolewa ili kuwatoa walionaswa, hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, meli ikazama. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Siku mbili baadaye wazamiaji walimtoa fundi mmoja akiwa hai. Alikuwa amepona kwa hewa iliyobaki ndani. Wengi tuliipokea habari hiyo kama muujiza tu. Lakini zisome zote mbili pamoja, ndugu msomaji: ni hewa ile ile. Idadi ya wafu haikuambii hivyo. Mfuatano wa matukio ndio unaosema.

Nayasema haya kwa sababu ya Katesh pia. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope na mawe vikaua watu zaidi ya 80. Pale hapakuwa na mtumbwi, lakini maswali ni ya mvuvi yule yule: tope lilipita wapi? Aliyepona alikimbilia upande gani?

Sisemi tanzia ifutwe, mfiwa anaihitaji. Ila maelezo ni ya yule anayeendelea kuishi chini ya mlima na kando ya ziwa. Wahakiki tukiisifu tanzia peke yake, maelezo ataandika nani?