Vumbi au moshi? Historia fupi ya kupima vumbi la jangwa kwa leza

Ukipita Kakonko, Kibondo au Kasulu mwezi wa nane, utakuta vilima vya mbali vimefifia. Wengi watakwambia ni vumbi tu. Kweli, vumbi jekundu la barabarani lipo, angalia tu majani ya migomba. Lakini hilo ni zito: gari likishapita, sehemu kubwa hushuka chini upesi. Utando unaofunika vilima kutwa nzima unaweza kuwa kitu kingine. Je, ni vumbi la jangwa au ni moshi? Swali linaonekana dogo, ila chombo cha kulijibu kimekuja juzi juzi tu.

Habari ya vumbi linalosafiri yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1832 Charles Darwin alikusanya vumbi laini lililoanguka kwenye meli ya Beagle karibu na visiwa vya Cape Verde. Akaangalia upepo unakotoka, na mwaka 1846 akaandika kwamba vumbi hilo limetoka Afrika. Kwetu Tanzania, mwaka 2000 timu ya Lonnie Thompson ilitoboa barafu ya Kilimanjaro na kukuta tabaka la vumbi la unene wa milimita 30 hivi. Wao walilihusisha na ukame mkali wa miaka 4,000 hivi iliyopita.

Sasa, vumbi lililokwisha kuanguka unaweza kulishika mkononi. Lililo bado hewani utalipimaje? Picha za kawaida za setilaiti zinaonyesha utando kutoka juu, lakini ni vigumu kujua uko kimo gani.

Hapo ndipo inapoingia lida. Fikiria rada, ila badala ya mawimbi ya redio inatuma mwanga wa leza. Mwanga ukigonga chembe hewani, kiasi kidogo hurudi. Ukipima muda uliotumika kwenda na kurudi, unajua chembe ziko kimo gani. Leza ya kwanza iliwaka mwaka 1960. Mwaka 1994 NASA ilijaribu lida angani ndani ya chombo cha Discovery. Kisha tarehe 28 Aprili 2006 Marekani na Ufaransa zikarusha setilaiti ya CALIPSO, iliyofanya kazi hadi mwaka 2023.

Siri ya CALIPSO ilikuwa kwenye umbo la chembe. Leza yake ilituma mwanga unaotetema upande mmoja. Chembe ya vumbi la jangwa ina pembe pembe kama kokoto, kwa hiyo mwanga unaorudi huwa umevurugika. Chembe za moshi kwa kawaida huuvuruga kidogo tu. Ndivyo wataalamu walivyotenganisha vumbi na moshi, ingawa vikichanganyika kazi huwa ngumu.

Kwa njia hiyo, mwaka 2015 Hongbin Yu na wenzake walikadiria kwamba tani milioni 182 za vumbi huondoka Sahara kuelekea magharibi kila mwaka, na tani milioni 27.7 huangukia bonde la Amazon. Ndani yake mna tani 22,000 hivi za fosforasi, yaani mbolea ya bure kwa msitu.

Turudi Kigoma. Wakati wa kiangazi upepo wetu mwingi hutoka kusini-mashariki, wakati Sahara iko kaskazini. Halafu, miezi hiyo hiyo ndiyo msimu wa moto katika misitu ya miombo na mashamba, kuanzia Tanzania hadi Zambia na Kongo. Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni moshi. Na tofauti hii si ya maneno tu. Jangwa la Chad hatuwezi kulizima. Moto wa porini tunaweza kuupunguza, na mapafu ya watoto wetu yatashukuru.

Tatizo ni kwamba lida ya setilaiti hupima mstari mwembamba tu, na CALIPSO ilirudia njia ile ile kila baada ya siku 16. Wilaya moja kama Kakonko hupata vipimo vichache, ndiyo maana vifaa vya ardhini bado vinahitajika. Lakini kazi inaendelea: Ulaya na Japani zilirusha EarthCARE, yenye lida mpya, tarehe 28 Mei 2024. Data za CALIPSO nazo zinapatikana bure. Kama wewe ni mwanafunzi wa fizikia au jiografia unayetafuta mada ya utafiti, anga la Kigoma liko wazi.