Sonona Isiyosikia Dawa

Ketamini inapotajwa kama tiba ya akili, hutajwa pamoja na sonona ya aina moja: ile ambayo mgonjwa amekwisha kutumia dawa za kawaida, akazitumia ipasavyo, na bado hajainuka. Tafsiri ya jina lake la Kiingereza inayokuja haraka ni "sonona sugu". Ni fupi, inatamkika vizuri, na mtu yeyote anadhani ameielewa. Mimi ningeomba tuiache, kwa sababu inaweza kumnyima mgonjwa matibabu yanayomstahili.

Neno sugu lina maana mbili katika hospitali zetu. Kifua kikuu sugu ni kile ambacho vimelea vyake havifi kwa dawa zilizozoeleka. Lakini tukisema magonjwa sugu, tukiwa na maana ya kisukari na shinikizo la damu, tunazungumzia maradhi ya muda mrefu, hata kama dawa zinayadhibiti vizuri kabisa. Mtu aliyeishi na sonona miaka kumi bila kupewa kidonge hata kimoja ana ugonjwa sugu kwa maana hii ya pili tu. Huyo anahitaji dawa ya kwanza, wala hajafika kwenye ketamini. Na nje ya hospitali sugu ni mkaidi: mhalifu sugu, mlevi sugu. Mwenye sonona anajilaumu tayari, kwani kujilaumu ni mojawapo ya dalili za ugonjwa wenyewe. Haifai tumwongezee lawama kwa jina la maradhi yake.

Napendekeza sonona isiyosikia dawa. Watu husema hivyo hivyo kuhusu kidonda au kikohozi: kimetibiwa, lakini hakisikii dawa. Jina hili linakiri kwamba dawa zimetolewa, na linaweka ukaidi kwenye ugonjwa. Wasomaji wa Kenya, ambako wengi huita hali hii msongo wa mawazo, wanaweza kubadilisha neno la mwanzo. Mimi nabaki na sonona kwa kuwa msongo unamwangukia kila mtu, hata asiye mgonjwa, na kusononeka kunafika ndani zaidi.

Jina hilo lina masharti. Kwa kawaida madaktari hulitumia pale mgonjwa alipojaribu angalau dawa mbili tofauti za sonona, kila moja kwa dozi ya kutosha na kwa wiki za kutosha, nne hadi sita au zaidi, bila nafuu ya maana. Kwetu shida iko kwenye hiyo "kutosha". Wako wanaoandikiwa amitriptilini miligramu 25 usiku na kubaki hapo miezi. Kiasi hicho huleta usingizi na hutuliza maumivu ya neva, lakini kwa mtu mzima mwenye sonona ni dozi ya kuanzia tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hupandisha hadi angalau miligramu 75. Mwingine ameanzishiwa fluoksetini, wiki ya tatu dirisha la dawa likamwambia imekwisha, naye akarudi nyumbani akiamini kwamba dawa imemkataa. Dawa haikumkataa, hakuipata. Kabla ya kumpa mtu jina hili, daktari anapaswa kuuliza alikunywa nini, kiasi gani, kwa muda gani, na kama kuna upungufu wa damu, kasoro ya tezi ya shingo au pombe inayoendeleza hali hiyo.

Ketamini yenyewe si ngeni Afrika Mashariki. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 1985, na katika hospitali nyingi za wilaya ndiyo inayowezesha upasuaji pale asipokuwepo daktari bingwa wa usingizi, kwa sababu kwa kawaida mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe. Wagonjwa huijua kwa jina la jumla: nusukaputi. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens, ikajaribiwa kwa binadamu mwaka 1964 na Edward Domino na Guenter Corssen, kwa wafungwa waliojitolea huko Michigan. Waliopewa walikuwa macho wazi lakini kama hawapo. Mke wa Domino ndiye aliyependekeza neno la Kiingereza lenye maana ya kutenganishwa, ambalo ndilo lililobaki kwenye vitabu. Kwa Kiswahili nadhani mtengano wa fahamu unatosha, na mgonjwa aelezwe waziwazi: kwa muda utajihisi uko mbali na mwili wako, sauti na saa vinaweza kubadilika, kisha utarudi. Asiyeelezwa hivyo anaweza kudhani amepagawa.

Sasa ile "dozi ndogo" ya ketamini inayotajwa kwa sonona. Ni ndogo ukiilinganisha na ya chumba cha upasuaji. Huko hutolewa mshipani takriban miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili, ndani ya dakika moja hivi. Kwa sonona, kipimo kilichotumika katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa mwaka 2000, na tafiti nyingi baada yake, ni nusu miligramu kwa kilo, ikidondoshwa taratibu kwa dakika 40. Mtu wa kilo 60 hupata miligramu 30. Kiasi hicho bado kinapandisha shinikizo la damu na kuleta mtengano wa fahamu, kwa hiyo hutolewa penye mtu wa kupima na kuangalia. Dawa ya kupuliza puani ya jamii hiyo, esketamini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019, hutumiwa kituoni, na mgonjwa hubaki akiangaliwa angalau saa mbili. Ningeandika "dozi iliyo chini ya nusukaputi", ingawa ni ndefu, ili mtu asidhani ndogo maana yake ni ya kunywa nyumbani. Anayeitumia ovyo na kwa wingi huharibu kibofu cha mkojo, na anaweza kunaswa na uraibu.

Mfasiri pia asichanganye nafuu na kupona. Katika utafiti wa Carlos Zarate na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2006 na ulio mdogo, watu 18 tu, siku moja baada ya ketamini asilimia 71 walipata nafuu, yaani dalili zilipungua kwa nusu au zaidi. Waliopona, kwa maana ya dalili kubaki chache mno, walikuwa asilimia 29. Nafuu iliyodumu wiki nzima ilikuwa kwa asilimia 35. Dawa nyingine za sonona huchukua wiki kadhaa. Hii ilileta mwanga ndani ya saa chache, na kwa mtu anayefikiria kujiua saa hizo ni kitu kikubwa sana. Lakini habari inayoandika kwamba ketamini "inaponya sonona kwa siku moja" imebadilisha asilimia 71 kuwa ahadi, na imenyamaza juu ya kurudi kwa ugonjwa. Wengi huhitaji kurudiwa, na jinsi ya kurudia bila madhara ndilo swali linalowashughulisha watafiti leo.

Wahaka, yaani hofu na wasiwasi wa kupita kiasi, huungwa mara nyingi na sonona katika habari hizo za ketamini. Tafiti za ketamini kwa wahaka zipo, baadhi zina matumaini, lakini ni ndogo na chache. "Wahaka usiosikia dawa" ni istilahi nitakayoiandika, bila kuipachika ketamini pembeni kana kwamba hukumu imekwisha kutolewa. Hapo tiba ya mazungumzo ina ushahidi wa miaka mingi, na wengi wanaohangaika na wahaka kwetu hawajawahi kupewa hata kikao kimoja.