Port Bell, Setilaiti na Dirisha la X: Historia ya Umbali katika Matumizi ya Programu za Unix nchini Uganda

Utangulizi

Makala haya yanajadili matumizi ya programu zenye madirisha za mfumo wa Unix kwenye kompyuta za mezani nchini Uganda, nchi isiyo na pwani ya bahari. Hoja kuu ni kwamba gharama ya umbali haitokani na kilomita wala uzito wa mzigo pekee. Hutokana pia na idadi ya mara ambazo kazi husimama njiani ikisubiri upande wa pili. Historia ya bandari ya Port Bell, iliyo kando ya Kampala, inasaidia kuifafanua hoja hiyo.

Funzo la bandari

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Shehena ya Kampala ilishushwa hapo kutoka kwenye mabehewa, ikapakiwa melini, ikavuka Ziwa Viktoria, kisha ikashushwa tena kwenye ufuo wa Uganda. Port Bell, iliyopewa jina la Hesketh Bell aliyeanza kuiongoza Uganda mwaka 1906, ikawa lango kuu la Kampala ziwani. Reli kuu ilipofika Kampala mwaka 1931, mzigo uliweza kutoka Mombasa bila kubadilisha chombo. Baadaye meli za Kabalega, Pamba na Kaawa zilibeba mabehewa mazima. Ziwa halikupungua upana. Kilichopungua ni upakiaji na upakuaji.

Seva iliyo mezani

Mfumo wa X ulianzishwa katika Chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984. Toleo lake la 11, lililotoka Septemba 1987, ndilo lililoenea. Msingi wake ni kutenganisha mahali programu inapofanya kazi na mahali inapoonekana. Programu huweza kuendeshwa na kompyuta kubwa katika chumba kingine, huku dirisha lake likichorwa kwenye kompyuta ya mtumiaji. Istilahi zake huwachanganya wengi: seva ya X ni ile iliyo mbele ya mtumiaji, yenye skrini, kibodi na kipanya, mteja ni programu inayoomba kuchorewa.

Kati ya seva na mteja hupita ujumbe mwingi, na baadhi yake hudai jibu kabla ya hatua inayofuata. Katika mtandao wa ndani wa chuo, jibu hurudi upesi kiasi kwamba mtumiaji hatambui. Mfumo huu ulizaliwa katika mazingira hayo.

Uganda kabla na baada ya 2009

Mazingira ya Uganda yalikuwa tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, barua pepe za Chuo Kikuu cha Makerere zilikusanywa na kutumwa kwa mafungu kupitia simu. Baadaye, na hadi mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti na nchi za nje yalitegemea zaidi setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Swali na jibu kwa njia hiyo huchukua takriban nusu sekunde. Programu inayohitaji safari 100 za kwenda na kurudi ili kufungua dirisha lake ingemsubirisha mtumiaji sekunde 50, hata kama njia yenyewe ingekuwa pana kiasi gani.

Ndani ya jengo moja, hata hivyo, X ilifaa. Mradi wa LTSP, ulioanza mwaka 1999, uliwezesha kompyuta kuukuu kutumika kama vituo vya seva moja iliyo karibu. Katika kipindi hichohicho programu huria zilipata nafasi katika kanda: Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs, Nkozi, kilianza kuhamia kwenye programu hizo, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilihusika katika kutoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili.

Mkongo wa SEACOM ulianza huduma Julai 2009 kupitia Mombasa. Kwa hesabu ya kasi ya nuru pekee, safari 100 kati ya Kampala na Mombasa, kwa nyuzi za kilomita 1,200, huchukua sekunde 1.2. Seva ikiwa kilomita 10,000 mbali, muda huwa sekunde 10. Mkongo ulipunguza kusubiri, lakini haukufuta umuhimu wa mahali seva ilipo.

Hitimisho

Tangu mwaka 2021, WSLg huwezesha programu za Linux zenye madirisha kuendeshwa ndani ya Windows kwenye kompyuta ileile. Umbali hutoweka, lakini kila meza hudai mashine yenye nguvu, jambo lisilowezekana katika shule nyingi za umma. Njia mbadala ni vituo vya bei nafuu vyenye seva ya karibu. Kwa hiyo, mikataba ya TEHAMA inayotaja megabiti pekee haitoshi. Ni vyema itaje pia muda wa swali na jibu, na mahali seva itakapowekwa. Kuongeza upana wa njia huku seva ikiachwa mbali ni sawa na kununua meli kubwa zaidi bila kupunguza upakuaji: shehena itaongezeka, lakini foleni itabaki gatini.