Mwezi wa Sifuri: JavaScript na Tarehe za Bukoba

Mkoani Kagera kuna tarehe ambazo mtu haulizi ni za nini. Ukisema 21 Mei 1996, kuanzia Bukoba mjini hadi Muleba, watu wanajua unaizungumzia MV Bukoba. Ukisema 10 Septemba 2016, wanajua ni tetemeko.

Sasa hebu iandike ile ya kwanza kwa JavaScript, lugha inayoendesha karibu kila ukurasa unaoufungua kwenye simu: new Date(1996, 5, 21). Jibu ni Ijumaa, 21 Juni 1996. Meli imechelewa kuzama mwezi mzima, na siku si Jumanne tena. Tetemeko nalo, ukiliandika hivyohivyo, linahamia Oktoba. Na kompyuta haikuonyi hata kidogo.

Kumbe lugha hii inahesabu miezi kuanzia sifuri. Januari ni 0, Mei ni 4, Desemba ni 11. Lakini siku za mwezi zinaanza na 1, kama kawaida yetu. Vichekesho, sivyo? Ila vina ukoo wake.

Brendan Eich aliitengeneza JavaScript Mei 1995, mwaka mmoja kabla ya ajali ile, akiwa kampuni ya Netscape. Mfano wa kwanza alimaliza kwa siku kama 10 hivi. Wakubwa walitaka ifanane na Java, iliyokuwa inavuma wakati huo, basi sehemu ya tarehe ikachukuliwa kutoka huko na kasoro zake. Java nayo ilikuwa imerithi mtindo wa C, lugha ya miaka ya 1970. Katika C orodha huanza na 0, kwa hiyo namba ya mwezi inayoanza na 0 inafaa kuchukulia jina la mwezi kwenye orodha. Siku za mwezi hazina majina, zikaachwa na 1 yao.

Mwaka ulihesabiwa kutoka 1900. Mwaka wa ajali, getYear() ilijibu 96. Ilipofika 2000 ikajibu 100, na kurasa zilizokuwa zinabandika "19" mbele zikatangaza mwaka 19100.

Tusicheke sana. Saa moja yetu ya asubuhi, mgeni anaiita saa saba. Kila hesabu ina pa kuanzia, na ya kwetu inaanza na mapambazuko. Mgeni akikosea, tunamwelekeza. JavaScript inanyamaza tu.

Linaloniuma zaidi ni hili. Andika tarehe hiyo kwa mistari ya katikati, "1996-05-21". Lugha inaisoma kama usiku wa manane wa saa za UTC. Kwetu Bukoba hiyo ni saa tisa usiku, tarehe ileile, hakuna shida. Ila ndugu yetu aliyeko Chicago akifungua ukurasa huohuo, kivinjari chake kinaweza kumwandikia 20 Mei. Na 20 Mei ndiyo jioni ambayo meli iliondoka Bukoba, ikapitia Kemondo kuchukua wengine. Jioni hiyo walikuwa hai, wanaagwa gatini. Siku moja hapo ni kubwa mno.

Kwa nini hawajarekebisha? Kwa sababu kurasa chungu nzima zimeandikwa kwa kuizoea kasoro hiyo. Ukiinyoosha leo, zitavunjika. Dawa imekuwa kujenga nyumba mpya pembeni: Temporal, ambayo Januari yake ni 1, na ina tarehe tupu isiyofungwa na saa wala ukanda wa saa. Firefox iliiingiza mwaka 2025. Ile ya zamani inabaki palepale.

Kumbukumbu zetu zinahama kutoka kwenye madaftari na mawe ya makaburi kwenda kwenye skrini. Anayeziandika huko, kijana wa Muleba au wa popote, asome tarehe kwa sauti mbele ya mzee mmoja anayeikumbuka kabla hajachapisha. Mzee atajua kama ilikuwa Jumanne.