Grenda

Grenda ni mashine ya umeme ya mkononi inayozungusha diski ya chembe ngumu ili kukata au kusaga chuma, vigae na mawe. Katika miji ya ukanda wa dhahabu kama Runzewe, wilayani Bukombe, mkoani Geita, Tanzania, ni kifaa cha kila siku cha mafundi wa kuchomelea.

Hatari. Diski ya milimita 115 yenye kikomo cha kasi cha mita 80 kwa sekunde haipaswi kuzidi mizunguko 13,300 kwa dakika. Kuondoa kikinga ili kufunga diski kubwa zaidi kunaweza kuua, kwa kuwa diski hupasuka na vipande kumrukia fundi. Diski ya kukatia isitumike kusagia kwa ubavu. Kukata mawe au zege hutoa vumbi la silika, linaloharibu mapafu, kama lile linalowadhuru wachimbaji.

Matumizi na matunzo. Fundi avae miwani, barakoa na kinga ya masikio, na ashike mashine kwa mikono miwili. Achomoe waya kabla ya kubadilisha diski, akague nyufa na tarehe ya mwisho ya matumizi, apulize vumbi litoke kwenye matundu ya hewa, na abadilishe brashi za kaboni za mota zilizolika.

Sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake.