Vilima 42, saa 24, na shahidi kwenye kila kilele

Ndugu zangu wa lisansi, na ninyi wadogo wetu mungali kwenye masomo, leo sitaongea mbolea wala muhogo. Nataka tuongee historia ya watu wenye kukimbia vilimani. Mwishoni nitawaambia inanihusu namna gani.

Kaskazini ya Uingereza kuko eneo linaitwa Lake District. Milima yake si mirefu. Ule wa juu kabisa, Scafell Pike, una mita 978 tu. Ziwa Kivu lenyewe liko juu kuliko pale. Lakini usidharau. Kule juu hakuna miti ya kukukinga. Kuko nyasi, mawe, vichaka vifupi, na udongo mweusi wenye kushiba maji: ukikanyaga vibaya, mguu unazama. Ukungu ukishuka, hata mwenzako humuoni.

Tarehe 13 Juni 1932, saa saba ya usiku, Bob Graham aliondoka katikati ya mji mdogo wa Keswick. Hakuwa askari wala mwanamichezo wa kulipwa. Alikuwa na nyumba ya wageni. Alikuwa na orodha ya vilele 42, na alitaka kuvifikia vyote kwa miguu ndani ya saa 24. Njia yake ni kama kilomita 106, na ukijumlisha mipando yote unapata mita zaidi ya 8,000. Inasemekana alivaa viatu vya tenisi, akala mkate, mayai ya kuchemsha na matunda. Akarudi pale pale alipoanzia nyuma ya saa 23 na dakika 39.

Siri yake ilikuwa nini? Mbele ya ile siku, alikuwa amepita vile vilima kwa miguu, kimoja kimoja, akijua wapi maji yanasimama na wapi mawe yanateleza. Orodha ilikuwa kwenye karatasi, lakini njia ilikuwa kwenye miguu.

Ilipita miaka 28 mbele ya mtu mwingine kuweza. Huyo ni Alan Heaton, mwaka 1960. Kisha, mwaka 1971, wakaunda chama cha wale waliofaulu. Sharti lao linanigusa sana: saa 24 tu hazitoshi. Kila kilele kinahitaji mwenzako awe pale, akuone umefika. Kilima ambacho hakuna mtu alikuona juu yake, hakihesabiwi.

Tusisahau pia kwamba haki ya kupanda haikuwa ya kila mutu. Siku 50 tu mbele ya mbio ya Graham, tarehe 24 Aprili 1932, vijana wafanyakazi, wengi wao kutoka Manchester, walipanda Kinder Scout, kusini zaidi. Ile nyanda ya juu ilifungwa, ju matajiri walikuwa wanawindia ndege pale. Vijana watano wakatupwa gerezani. Sheria ya kuruhusu watu kutembea kwa uhuru kwenye nyanda za namna ile ilikuja mwaka 2000.

Na bingwa aliyependwa kuliko wote kule alikuwa mchungaji wa kondoo, Joss Naylor, aliyefariki mwaka 2024. Mwaka 1975 alifikia vilele 72 ndani ya saa 24. Mwaka 1986, akiwa na miaka 50, alimaliza orodha ingine ya vilele 214 kwa siku 7 na saa moja na kitu. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kufuata wanyama kwenye milima ile ile. Njo maana aliijua.

Sasa, inanihusu namna gani? Kwa kazi yangu ya kumaliza lisansi nilikuwa na orodha ya vilima 12 vya kupima mmomonyoko wa udongo. Nilipanda 9. Vitatu vya mwisho mvua ilikuwa nyingi, pesa ya moto ilikuwa imeisha. Nilisimama barabarani, nikaangalia kwa mbali, nikajaza fishi. Nilipata maksi nzuri. Hakuna aliyeniuliza nani alikuwa na mimi kule juu.

Mwezi uliopita nilirudi. Nilimwomba mzee mmoja wa kijiji anisindikize kwenye kimoja kati ya vile vitatu. Upande unaoonekana toka barabarani ni wa kijani, kama nilivyoandika. Upande wa nyuma, mifereji ya maji imekula shamba mpaka mwamba umetoka. Mzee aliniambia kwa upole: «Muana, hii iko hivi tangu zamani. Ungepanda, ungeona.»

Nilinyamaza. Bado vilima viwili.