Ua la Pareto na Elimu Nne: Historia Inayoanzia Mashamba ya Dundori

Ndugu msomaji, kila mwaka matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, nyumba nyingi huwa na mjadala mmoja. Mama anataka daktari. Baba anataka injinia. Mjomba anasema biashara ndiyo yenye pesa, na kijana mwenyewe hataki kusikia lolote ila kompyuta. Kila mtu huongea kana kwamba elimu hizi ni maduka manne yaliyopangana barabarani, ukiingia moja umeyapa mgongo mengine. Je, ni kweli?

Hebu tutazame historia ya mmea mmoja ambao wazee wa Dundori, Molo na Ol Kalou wanaujua vizuri: pareto. Ua hili dogo limepita mikononi mwa wanakemia, madaktari, wachumi na mainjinia wa vyuo vikuu vya dunia. Pale elimu hizo ziliposhikana, watoto wengi waliokolewa na kifo. Na pale moja ilipokosekana, mkulima aling'oa pareto akapanda viazi.

Ua lililotoka mbali

Pareto si mmea wa asili ya Kenya. Asili yake ni Dalmatia, pwani ya nchi ambayo leo inaitwa Kroatia. Ni ua jeupe lenye kitovu cha manjano. Watu wa huko walilikausha, wakalisaga, na unga wake wakaunyunyiza vitandani kuua viroboto na kunguni. Baadaye Wajapani waliulima kwa wingi, na mwishoni mwa karne ya 19 mfanyabiashara wao, Eiichiro Ueyama, akautengenezea ile dawa ya mbu ya kuwasha, iliyojiviringisha kama nyoka aliyelala. Wengi wetu tumelelewa na harufu yake.

Huku kwetu mbegu zilifika mwishoni mwa miaka ya 1920. Pareto hupenda baridi. Bila baridi haitoi maua ya kutosha. Ndiyo maana ilistawi katika nyanda za juu za Nakuru, Nyandarua na Kisii, na si Mombasa wala Kisumu. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka mwaka 1939 na baadaye Japani ikaingia vitani, nchi za Magharibi zilikosa pareto ya Wajapani, na Kenya ikashika nafasi hiyo. Baada ya uhuru, zao likapita kutoka mashamba makubwa ya walowezi hadi mikononi mwa wakulima wadogo. Kiwanda cha kukamua dawa kilikuwa mjini Nakuru, na kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya pareto ya dunia nzima ilitoka Kenya.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi. Maua huchumwa kwa mkono, moja moja, kila baada ya wiki mbili au tatu. Wachumaji wengi walikuwa akina mama. Maua yakishakaushwa hupelekwa kupimwa, na malipo hutegemea kiasi cha dawa iliyomo ndani ya ua, si uzito peke yake. Kwa pesa hiyo watoto walisomeshwa.

Kutoka ua hadi maabara

Swali la kwanza la wasomi lilikuwa hili: ndani ya ua hili mna nini kinachoua mdudu? Wanakemia wawili, Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka, walilishughulikia katika chuo kikuu cha ufundi cha Zurich, Uswisi, na mwaka 1924 wakachapisha matokeo yao. Walieleza jinsi dawa hiyo ilivyoundwa, na baadaye kila mmoja wao alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi zake za kemia.

Dawa ya pareto hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu, naye huanguka mara moja. Lakini ina udhaifu mmoja: jua huivunja upesi. Ni jambo zuri kwa mazingira, ila ni tatizo ukitaka dawa ikae ukutani au kwenye kitambaa kwa miezi. Kwa kuwa siri ya muundo wake ilikuwa imeshajulikana, wanasayansi wakaanza kutengeneza dawa za kuiga. Mwaka 1973, Michael Elliott na wenzake katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, dawa ya maabara iliyofuata mfano wa pareto lakini inayostahimili jua.

Hapo ndipo kemia ilipokutana na afya. Mwaka 1989 taasisi yetu ya utafiti wa tiba, KEMRI, ilianzisha kituo cha utafiti Kilifi pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford na shirika la Wellcome Trust. Katika miaka ya 1990 watafiti waligawa vyandarua vilivyotiwa permethrini katika baadhi ya vijiji, kisha wakalinganisha na vijiji ambavyo vilikuwa havijapata. Matokeo yalitoka mwaka 1996: vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 33, na watoto waliolazwa hospitalini kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Kati ya kila watoto watatu waliokuwa wafe, mmoja alibaki na mama yake. Hilo si jambo dogo!

Chandarua kiuzwe au kitolewe bure?

Sasa dawa ipo, na ushahidi wa hospitali upo. Mbona basi watoto waliendelea kufa? Kwa sababu chandarua kina bei. Wengine walisema watu wasipewe bure, ati kitu cha bure hakithaminiwi, watakwenda kuvulia samaki. Wengine walisema maskini hana hata shilingi hamsini ya ziada. Ubishi huu daktari hawezi kuumaliza kwa darubini, na mwanakemia naye hana la kusema. Ni swali la watu wa uchumi na biashara.

Wachumi wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walilipima hapa hapa Kenya, katika kliniki za akina mama wajawazito upande wa magharibi. Kliniki nyingine zilitoa vyandarua bure, nyingine zikauza kwa bei ndogo tofauti tofauti. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba bei ikipanda kutoka sufuri hadi kama shilingi 40 tu, wanaochukua hupungua kwa kiasi kikubwa mno. Na waliopewa bure walivitumia sawa na walionunua. Maneno ya "cha bure hakithaminiwi" yakakosa mashiko.

Teknolojia nayo ilikuwa na kazi yake. Vyandarua vya kwanza vilihitaji kuchovywa dawa kila baada ya miezi kadhaa, na watu walisahau. Kampuni ya Sumitomo ya Japani ikatengeneza uzi ambao dawa imo ndani yake, chandarua kikaweza kufuliwa na bado kikaua mbu. Kuanzia mwaka 2003 kiwanda cha A to Z mjini Arusha kilivitengeneza kwa ujuzi huo.

Watafiti wa Oxford na wenzao walipopiga hesabu ya bara zima mwaka 2015, walikadiria kwamba kinga na tiba za malaria zilizosambazwa tangu mwaka 2000 zilizuia wagonjwa milioni 663 Afrika, na zaidi ya theluthi mbili ya kazi hiyo ilifanywa na vyandarua. Lakini mbu naye hakulala. Amejifunza kuzoea dawa, na watafiti wameendelea. Huko Muleba, mkoa wa Kagera, wasomi wa Tanzania na wa London walijaribu chandarua chenye kiungo cha pili kinachovunja ukaidi wa mbu, na mwaka 2018 wakatoa taarifa kwamba kinakinga kuliko kile cha kawaida. Utafiti hauna siku ya kufunga duka.

Na Dundori ilipata nini?

Ndugu zangu, hapa ndipo penye uchungu wa habari hii. Kuna methali isemayo: mchumia juani hulia kivulini. Mkulima wa pareto alichumia juani kweli, lakini kivuli hakukiona.

Wakati dunia inavuna matunda ya elimu iliyoanzia kwenye ua lake, yeye alikuwa akisubiri malipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ilitoa zaidi ya tani 10,000 za maua makavu kwa mwaka. Kufikia miaka ya 2010 zilikuwa zimebaki tani mia chache. Dawa za maabara zilikuwa zimechukua sehemu ya soko, lakini si hilo tu. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 malipo ya wakulima yalichelewa kwa miezi, mengine kwa miaka. Nani atachuma ua moja moja kwa ahadi? Watu waling'oa, wakapanda viazi, kabeji na mahindi, wakafuga ng'ombe wa maziwa.

Usiseme pareto ilipitwa na wakati. Katika kisiwa cha Tasmania, Australia, watafiti wa chuo kikuu cha huko walianza katika miaka ya 1970 kuchagua mbegu zenye dawa nyingi, zinazochanua kwa pamoja ili mashine iweze kuvuna. Kando ya mbegu na mashine wakajenga kampuni yenye mikataba na wakulima. Leo Tasmania ndiyo inayoongoza duniani kwa pareto. Ua ni lile lile. Wao waliunganisha kilimo, uhandisi na biashara. Sisi tulikuwa na udongo, baridi na mikono hodari, lakini upande wa biashara ukalegea. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Moto ulio chini ya miguu yetu

Imebaki elimu ya nne, nishati. Ua la pareto lisipokauka vizuri huoza, na katika nchi ya baridi na mvua kama yetu kukausha ni shida. Wakulima wa Eburru, upande wa Gilgil na Naivasha, walipata dawa ya shida hiyo zamani: walikausha pareto kwa joto la mvuke unaotoka ardhini. Hawakukata kuni, wala hawakununua mafuta.

Mvuke huo huo ndio unaowasha taa zetu. Mtambo wa kwanza wa Olkaria ulianza kutoa umeme mwaka 1981, na wataalamu wetu wengi walikwenda kusomea kazi hiyo Iceland, katika mafunzo yaliyoanzishwa mwaka 1979 chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa. Siku hizi Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kule Nyeri kina taasisi yake ya kufundisha na kutafiti mvuke wa ardhini. Na hapa Nakuru kuna Menengai. Visima vilianza kuchimbwa mwaka 2011, na mwaka 2023 mtambo wa kwanza wa megawati 35 ukaanza kutoa umeme. Kando ya visima hivyo wamejaribu pia kutumia joto kuchemshia maziwa, kukaushia nafaka na kupasha mabanda ya mboga. Mkulima wa Dundori mwenye maziwa na mboga ana haki ya kuuliza: joto hilo litafika kwangu lini, na kwa bei gani?

Hata lile tatizo la malipo, elimu imeligusa. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 wengi waliiona kama ufundi wa simu tu. Wachumi Tavneet Suri wa chuo cha MIT na William Jack wa Georgetown walifuatilia familia za Kenya kwa miaka, na mwaka 2016 wakakadiria kwamba huduma hiyo ilizitoa kaya 194,000 katika umaskini uliokithiri. Simu inaweza kumlipa mchumaji siku ile ile anapopima maua yake. Lakini simu haimlazimishi mnunuzi kulipa. Hapo panahitaji sheria na uaminifu.

Neno kwa vijana

Nikirudi kwenye ule mjadala wa nyumbani, jirani yetu Chuo Kikuu cha Egerton kina jibu katika historia yake. Kilianza Njoro mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya vijana wa Kizungu. Mwaka 1950 kikawa chuo cha kilimo, na mwaka 1987 chuo kikuu kamili. Leo kinafundisha kilimo, na pia udaktari, uhandisi, biashara na sheria. Hakikuacha kilimo, kiligundua kwamba shamba peke yake halijitoshelezi.

Katika miaka ya karibuni miche ya pareto imeanza kugawiwa tena katika kaunti yetu. Baadhi ya wazee wameipokea kwa furaha, wengine kwa kusita, na huwezi kuwalaumu. Kwa hiyo wewe kijana, chagua kozi unayoipenda na unayoiweza. Ila usiishie hapo. Ukiwa daktari, mjue anayepanga bei ya dawa. Ukiwa mtu wa kompyuta, muulize mchumaji wa maua anakwama wapi. Ukisoma biashara, kumbuka kwamba deni la mkulima ni ada ya shule ya mtoto fulani. Na wazazi nao wasigombane sana, kwani kijiji kinawahitaji wote wanne. Wakikutana, in sha Allah, safari hii mchumaji wa Dundori atakifikia kivuli.